W124 ya mzee au Vitz ya 2012? Kwa barabara zetu za Moshi na Arusha mimi nasimama hapa

Wakuu salama?

Kuna dogo wa Njiro kanifuata anataka ushauri, nikaona badala ya kumjibu peke yake nilete huku mana hili swali halijawahi kuisha, na ikikaribia Desemba watu wanapoanza kuwaza watapandaje nyumbani ndo linazidi. Ana hela ya kuagiza Vitz ya 2012, ile ya cc 996. Alafu kuna mzee pale Shanty Town Moshi anauza Mercedes ya bodi ya W124, modeli ya 230E ya 1990, namba A, nyeupe, inawaka na inatembea, na bei anayoitaka haipishani sana na gharama ya Vitz mpaka ikae barabarani. Dogo moyo wake wote uko kwenye Benz, mama yake anamwambia asithubutu.

Mimi gari zote mbili nazijua kwa kuzitumia. Nyumbani kuna 230E ya mshua, ipo pale tangu niko shule ya msingi mpaka leo, na Vitz ndo inanipeleka kibaruani kila siku. Niseme mapema msimamo wangu ili tusizungushane: gari bora kati ya hizo mbili ni Benz, na kama ndo gari yako pekee, unayoitegemea asubuhi ikupeleke kazini, chukua Vitz. Kinachoamua ni fundi uliye naye na kama una usafiri mwingine siku chuma kikilala. Kwa mtu ambaye hana vyote viwili Benz itamtesa na yeye ataitesa Benz, na hilo la pili ndo linaloniuma zaidi mana nimeona W124 nyingi zilizokuwa nzima zikifia uani kwa sababu ziliangukia mikono isiyozijua.

Tuanze na Mjerumani.

W124 ilitoka mwishoni mwa 1984, na saluni zake zikatengenezwa mpaka 1995. Mkuu wa usanifu wa Mercedes wakati huo alikuwa Bruno Sacco, Mwitaliano, na jamaa alikuwa na kanuni kwamba modeli mpya isije ikaifanya ya zamani ionekane imepitwa, ndo mana ukiiona W124 leo imeoshwa vizuri imepaki pale Clock Tower watu bado wanageuka. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 2 na nusu na kwa Wajerumani ndo ilikuwa teksi, yani dereva teksi anayehesabu kila senti aliikubali, kwaiyo anayesema hii ilikuwa gari ya maonyesho ya matajiri tu hajui historia yake. Nyuma ina saspensheni ya mikono mitano kila upande, walianza nayo kwenye 190E ya 1982, na hapo ndo penye siri ya ule utulivu mnaousikia ukisifiwa. Ile waipa yake moja inayotembea kwa kurefuka na kujikunja inafuta asilimia 86 ya kioo, mvua za masika ukiwa unashuka Machame hata kona za juu inazifikia.

Sasa utulivu wenyewe. Toka Boma Ng'ombe uje mpaka njia panda ya KIA, ile tambarare upepo wa pembeni unakuwaga mkali, na mabasi ya Dar yanakupita kwa kasi. Kwenye Vitz mikono miwili kwenye usukani, basi likipita gari inavutwa kidogo alafu inasukumwa, unairudisha. Kwenye 230E unasikia tu hewa imebadilika. Abiria wa nyuma analala kuanzia Kwa Sadala mpaka Usa River na matuta yote yale hayamwamshi. Mshua ana mgongo mbovu, akitoka Moshi kuja Arusha kwa Vitz anashuka anajishika kiuno, akija na Benz anashuka anaulizia chakula. Mimi hapo sina ubishi na mtu, kwa safari gari hii ni ya daraja lingine.

Na mlima. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ile Vitz ya hp 69 ikifika huku imebaki na kama 60, na ni pistoni tatu. Nguvu ya kuzungusha ni Nm 92 wakati 230E ina karibu 200. Kweli Benz ina uzito wa karibu kilo 1,400 na Vitz haifiki hata tani moja, ila bado hesabu inambeba Mjerumani. Weka watu wanne, mkungu wa ndizi na kreti kwenye Vitz alafu uanze kupanda kutoka Himo kwenda Marangu, utazima AC mwenyewe bila kuambiwa.

Ila wakuu, hapo nimeongelea 230E iliyo nzima, na ngapi ziko nzima?

Hii gari ina mfumo wa mafuta unaoitwa KE-Jetronic, nusu makanika nusu umeme. Haina lile tundu la OBD la kuchomeka mashine. Kuna soketi ya duara ndani ya boneti, fundi anayejua anapima pale kwa multimita alafu anakwambia mchanganyiko wa mafuta na hewa ukoje. Sasa wazee waliokuwa wanazijua hizi kitu kwenye gereji za Unga Limited na Majengo ya Moshi wengi wamepumzika. Vijana wamekulia kwenye injini za Toyota za VVT-i, ni mafundi wazuri kabisa kwenye Toyota, lakini ukimpelekea KE-Jetronic ataanza kuzungusha skrubu kwa kubahatisha, na kuna skrubu pale ikishaguswa vibaya gari inaanza kunywa wese na kutoa moshi mweusi miezi na miezi, kila fundi anayefuata anaongeza lake.

Mfano mmoja ili mnielewe. W124 nyingi zinafika umri fulani zinaanza kuwaka kwa shida, sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapandisha na kushusha, taa ya ABS inawaka kama ABS inayo, dashibodi inakuwa kama imechanganyikiwa. Watu wanabadilisha plagi, pampu ya mafuta, wengine mpaka wanashusha tanki. Mara nyingi tatizo ni rilei moja ndogo nyuma ya betri, ile yenye fyuzi juu, kazi yake ni kulinda umeme usizidi. Ndani yake solda zinapasuka kwa uzee. Unaifungua, unapiga solda upya, gari inatulia. Mtu anayejua hilo anamaliza kabla chai haijapoa na asiyejua anakula hela yako mwezi mzima.

Alafu mpira wote. Bushi, injini maunti, boljointi, hosipaipu za vakyumu mana zile sentro loki zake zinafungwa kwa hewa, mpira mmoja ukipasuka mlango wa nyuma unagoma kujifunga na unaweza ukahisi loki ndo mbovu. Kingine, usije ukaamini kilomita kwenye dashibodi, kuna gia ya plastiki mle ndani ya kuhesabia huwa inavunjika, mshale wa spidi unaendelea vizuri tu lakini namba zimesimama miaka. Nimeshaonyeshwa gari inayosema kilomita laki moja na arobaini na viti vimekaa kama vya daladala.

Kama unatafuta ya mwaka 1993 mpaka 1995, zile zilizoanza kuitwa E-Class, uliza waya za injini zimebadilishwa au bado. Miaka ile walitumia ganda la waya linalooza kwa joto, unaligusa linamomonyoka kama chapati kavu, na waya zikigusana hapo unaweza kuunguza kontroli boksi. Ndo mana mimi namwambia dogo hiyo ya 1990 ni bora kuliko ya 1994 hata kama ya 1994 inang'aa.

Jambo moja linalotupendelea sisi wa huku juu ni kutu. Gari iliyoishi Moshi au Arusha maisha yake yote haijaonja chumvi ya bahari, ukiilinganisha na iliyokaa Tanga au Dar bodi ni mbingu na ardhi. Bado lala chini uangalie pale pa kuwekea jeki, ndani ya mabawa ya mbele, na chini ya kioo cha mbele. Kuna mtu akiangalia gari anaangalia rangi tu. Rangi inapigwa wiki moja wakuu.

Na gia boksi, hili nimeshalisikia mara nyingi, mtu anaijaribu anasema automatiki imekufa mana inaondoka kwa uzito. Hizi za gia nne za wakati ule ukikanyaga taratibu zinaondoka na namba mbili, ndivyo zilivyoundwa, ukikanyaga mpaka chini ndo inashuka namba moja. Ukikanyaga chini bado inazubaa au inapiga teke ikibadilisha hapo ndo uanze kuogopa.

Vitz.

Hii sitaichukua muda mrefu mana kila mtu anaijua, na huo ndo uzuri wake wenyewe. Ya 2012 ni kizazi cha tatu, kilitoka Japan mwishoni mwa 2010 na kikaenda mpaka 2020 walipoacha jina la Vitz wakaanza kuiita Yaris hata kwao, jina lake la nje. Spea zake ukikosa Arusha asubuhi, jioni unaongea na mtu wa Kariakoo, kesho yake mzigo uko stendi. Fundi yoyote kuanzia Kwa Mrombo mpaka Kiboriloni anaifungua. Taimingi ni cheni, hakuna habari ya belti. Kwa mjini inageuka popote.

Wese tuseme lita ni 3,000, mana EWURA wanabadilisha kila mwezi. Moshi–Arusha kwenda na kurudi ni kama kilomita 160. 230E nzima kwa mwendo wa hapa kwetu na matuta yetu inakupa 9 kwa lita, hiyo ni lita 18, elfu 54. Vitz inakupa 16, lita 10, elfu 30. Tofauti ni elfu 24 kwa safari moja. Kwa mtu anayeenda mara moja kwa wiki mwaka ukiisha ni kama milioni 1 na laki 2, na hapo bado foleni za mjini ambapo Benz inashuka chini ya hapo.

Kodi nayo iko upande wa kagari kadogo. Kwa mfumo wa TRA chini ya cc 1,000 hulipi ule ushuru wa bidhaa unaoangalia ukubwa wa injini, ndo mana hizi cc 996 zinapendwa kuliko za 1,300, ingawa ushuru wa uchakavu wa gari iliyozidi miaka 10 unakukuta pale pale. Sisi hatuna kikomo cha umri kama Kenya na miaka yao 8, serikali inakubana kwa hela tu. Kabla hujatuma pesa Japan ingia kwenye kikokotoo cha TRA weka modeli na mwaka, usiambiwe na mtu.

Ubovu wake sasa. CVT, yani automatiki isiyo na hatua za gia. Ile gia boksi inataka oili yake ya CVT, sio ATF, ile oili ya automatiki za kawaida, na fundi akikwambia "zote ni oili tu" ondoka na gari yako hapo hapo. Kupanda Kibosho au Uru umeijaza watu inapata joto, ukisikia inalia bila kuongeza mwendo simama ipumzike. Zenye kuzima injini zenyewe kwenye taa zinataka betri ya aina yake, ukiweka ya kawaida haidumu. Pampu ya maji ya hii injini ya pistoni tatu nayo ina tabia ya kuvuja, ukiona alama ya kuloa karibu na belti usisubiri mpaka ichemke Mwanga huko.

Tope niliseme kidogo. Wengine wanadhani Benz itapanda kila mahali kwa vile ina nguvu. Inasukuma kwa nyuma, na buti likiwa tupu kwenye udongo wetu mwekundu ulioloa inacheza mkia hatari. Vitz inavuta kwa mbele, inatulia tambarare, ila mlima ukisimama sana uzito unahamia nyuma na tairi za mbele zinabaki zinazunguka tu, ndo mana kuna watu vijijini wanapanda rivasi. Kwa njia za migombani wakati wa masika zote mbili ziacheni lami.

Sasa usalama, na hapa naomba msome taratibu mana ndo maneno mengi ya vijiweni yanapotea.

Utasikia "chuma cha zamani ndo chuma, hizi za sasa ni mabati". Ukweli una pande mbili. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayoitwa IIHS ilichukua Chevrolet Bel Air ya 1959, limeli lile, ikaigonganisha na Malibu ya 2009. Chumba cha abiria cha lile la zamani kilijikunja kikamfuata dereva, la 2009 dereva angetoka na jeraha la mguu. Kwaiyo ugumu wa bati sio usalama. Mercedes wenyewe walilijua hilo kabla ya wote, mhandisi wao Béla Barényi ndiye aliyeleta wazo la chumba kigumu katikati, mbele na nyuma pajikunje ili pale ndo panyonye kishindo, na wakaliweka kwenye gari zao kuanzia 1959. ABS pia wakaileta na Bosch mwaka 1978, mfuko wa hewa 1981, vyote vikianzia kwenye S-Class, gari yao kubwa. Kwaiyo W124 sio Bel Air, inajikunja kwa mpango.

Mwaka huo huo wa 2009 hao hao IIHS wakagonganisha Yaris na Camry, zote zikiwa kwenye spidi ya kilomita 64 kwa saa, uso kwa uso. Yaris ilipata daraja la chini kabisa. Camry nayo ni Toyota, tofauti ni ukubwa tu. Uzito hauongopi, kitu kidogo kikikutana na kikubwa kidogo ndicho kinarudishwa nyuma na waliomo ndani ndo wanaokula kile kishindo.

Alafu utasikia Yaris ya 2011 ilipata nyota tano za Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, na ni kweli, lakini ile ni ya Ulaya yenye mifuko ya hewa saba. Vitz nyingi tunazoagiza Japan zina miwili tu ya mbele, kwaiyo usijipe nyota za mwenzako, angalia pembeni ya viti na juu ya milango kama kuna maandishi ya airbag. Na W124 haikuwahi kupimwa na Euro NCAP, walianza kutoa matokeo 1997 yenyewe ikiwa imeshaondoka. 230E nyingi za 1990 zilizokuja huku usukani wake hauna mfuko kabisa. Angalia katikati ya usukani, kama hakuna maandishi ya SRS wala airbag hakuna mfuko, kifua chako na usukani vinatenganishwa na mkanda peke yake, na mkanda wa miaka thelathini na zaidi.

Na hata kama gari ina mifuko, magari mengi ya Japan ya miaka ya 2000 mpaka katikati ya miaka ya 2010 yaliitwa kurudishwa kwa ajili ya mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ile baruti ya ndani ikikaa kwenye joto na unyevu miaka mingi inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Chukua namba ya chesi ingiza kwenye tovuti ya Toyota ya Japan, bure kabisa, uone kama gari yako imo na kama ilishatengenezwa. Hili nawaomba mlifanye hata leo kwa gari mlizonazo tayari.

Kwaiyo kwa familia yenye watoto wadogo mimi naenda na Vitz, ina sehemu za kufungia kiti cha mtoto na breki zake ni za kisasa. Kwa mtu mzima mmoja anayekwenda Moshi taratibu na mkanda amefunga, 230E yenye tairi mpya na breki nzima sina wasiwasi nayo. Kwenye ile njia yetu unapishana na malori ya mizigo na Coaster usiku, kati ya hizi mbili hakuna itakayokuokoa ukiwa 120.

Huo ndo msimamo wangu. Dogo, kama unasoma hapa: agiza Vitz. Ukishatulia kimaisha, Benz za watu wa Moshi hazijaisha.

---

Nimerudi wakuu, nimeona maswali, najibu hapa hapa.

Aliyesema "toa injini ya Benz weka ya Toyota umalize matatizo". Mkuu, najua zipo na zinatembea. Ila ukishatoa injini unabaki na nini? Maunti zinachomelewa, wiring inakatwa, geji za dashibodi zinakufa, uzito wa mbele unabadilika na ile gari niliyoisifia hapo juu haipo tena. Na namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, ukibadilisha inabidi ukabadilishe na TRA, wengi hawafanyi alafu siku ya kuuza ndo wanaanza kuhangaika. Injini ya 230E ikihudumiwa haichoki, cheni, oili, maji safi na kulenti kwenye rejeta, sio maji ya bomba. Kama huwezi kuihudumia muuzie anayeweza.

Aliyeuliza za dizeli, 250D na 300D. Hizo ukizipata zishike. Hazina KE-Jetronic wala plagi za cheche, matatizo mengi ya umeme wa injini niliyoyataja hapo juu yanafutika. Ni nzito kuondoka, kelele ipo, na kupanda zinataka uvumilivu, lakini kwa mtu asiye na fundi mtaalamu ni nafuu kuliko ya petroli. Shida hazionekani sokoni, wenyewe hawauzi.

Dada aliyeuliza kwa ajili ya Sakina–Njiro na kupeleka watoto shule: Vitz bila kufikiria mara mbili. Ukiweza ongeza uchukue ya cc 1,300, ni pistoni nne, haitetemeki ukisimama na kile kilima cha nyumbani itakipanda na AC. Omba muuzaji akupe ripoti ya ukaguzi ya Japan na uangalie gredi, chini ya 3.5 ulizia kwa nini.

Kuhusu bima, ndio, gari ya umri huo kuipatia bima kubwa ni mtihani, wengi wanaishia bima ndogo, maana yake ukigonga mti hiyo ni yako mwenyewe. Weka hilo kwenye hesabu.

Na huyu aliyeandika kwamba mzee wao amefariki mwaka jana, W124 iko nyumbani Old Moshi chini ya mwembe, ndugu wanataka wauze kwa anayenunua skrepa. Pole sana mkuu. Nakuomba, msiiuze kwa kilo. Hata kama hamtaki kuitumia, ile ni gari ambayo milango yake, taa zake, gia boksi yake vina watu wanaovitafuta kila siku, na nzima ina thamani kuliko mnayoambiwa na mtu mwenye mzani. Kwanza itoeni chini ya mwembe, utomvu na majani yanaziba njia za maji pale chini ya kioo na kutu inaanzia hapo. Msijaribu kuiwasha leo na petroli ya mwaka jana. Mwageni ile ya zamani kwenye tanki, badilisheni filta na oili, betri mpya, toeni plagi mtie oili kidogo kwenye silinda, injini izungushwe kwa mkono kabla ya selfu. Baada ya hapo ndo mjaribu. Ikikubali, kaeni kikao cha familia mkiwa mnaisikia inanguruma, mazungumzo yatakuwa tofauti. Na upande wa karatasi, mirathi lazima ifunguliwe na msimamizi apatikane kabla ya kubadilisha umiliki TRA, mnunuzi anayewaambia hilo halina haja mkimbieni.

Dogo kaniambia Jumamosi anashuka Shanty Town "kuangalia tu". Haya, kama unaenda, nenda injini ikiwa ya baridi, mwambie mzee asiiwashe kabla hujafika. Angalia faini za trafiki mtandaoni kwa namba ya gari. Piga picha chini ya gari, sehemu za jeki, na ile rilei nyuma ya betri, uziweke hapa tuzione pamoja kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.